Shangazi, Marekani yangu si ya binti wa jirani

Shikamoo shangazi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza bila kuficha: binti wa jirani ana miaka 4 tu Marekani na ameshapaua nyumba Pongwe, mimi nina miaka 9 na kiwanja changu kimeota magugu, pesa napeleka wapi? Sijakasirika. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wengi hapo Tanga wanajiuliza hilohilo, na wenzangu wengi huku wanaulizwa.

Binti wa jirani yuko nje kidogo ya Minneapolis. Ni muuguzi aliyesomea, mumewe anaendesha lori la masafa marefu. Mishahara miwili, pango moja. Mimi natunza wazee, nalea mwanangu peke yangu, na nakaa St. Louis, Missouri, upande wa kaskazini. Hapo kwenye kaskazini ndipo penye jibu lako.

Kuna barabara inaitwa Delmar, inaukata mji huu kutoka mashariki hadi magharibi. Kusini yake wengi ni wazungu na nyumba zina bei. Kaskazini wengi ni weusi, na mtaani kwangu nyumba nzuri za matofali mekundu zimepigwa mbao madirishani, nyingine zimebaki kuta. Watu walipanga iwe hivyo, shangazi. Mwaka 1916 wapiga kura wa mji walipitisha sheria ya kuwatenga weusi kimakazi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilizikataa sheria za namna hiyo, lakini masharti ya kutomuuzia mweusi yakaendelea kuandikwa kwenye hati za nyumba, mpaka kesi ya familia ya Shelley, weusi walionunua nyumba yenye sharti hilo hapahapa St. Louis, ilipoyaondolea nguvu mwaka 1948. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu zaidi ya 850,000. Mwaka 2020 walikuwa kama 300,000, na upande wetu ndio uliokauka zaidi. Maduka nayo yaliondoka. Kwetu ukikosa nyanya unavuka hadi gengeni. Hapa duka la karibu liko kituo cha mafuta, linauza soda na chipsi za pakiti.

Sasa utasema hama. Nilifikia huku kwa sababu pango ni nafuu, lakini unafuu huo unalipwa kwingine. Nilipotafuta bima ya gari waliniuliza anwani, na bei waliyonitajia ilizidi ya mwenzangu wa kazini anayekaa kusini, na gari tulilolitaka ni la aina moja. Nikabaki na basi. Saa kumi na moja alfajiri napanda namba 70 la barabara ya Grand, kisha treni hadi Clayton, mji mwingine wa jirani wenye watu wa uwezo, kwa bibi ninayemwogesha na kumlisha. Huko miti imefunika barabara na shule ya serikali inapendeza kuitazama. Shule za hapa hutegemea sana kodi ya majengo ya eneo lake, na mtoto husoma kulingana na anwani ya mzazi. Kwa hiyo nalea bibi wa watu Clayton, na mwanangu hawezi kusoma huko. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kiwanja.

Hata kima cha chini cha mshahara si kimoja. Cha taifa ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, na jimbo la Mississippi ndicho wanachofuata. Mji wa Seattle mwaka 2025 kilikuwa dola 20.76, ila pango la huko nalo ni kubwa mno. Ukiona mtu yuko Marekani, muulize kwanza yuko wapi na anakaa na nani.

Sikwambii nateseka tu. Maji yanatoka, mwanangu anasoma bure, na majirani zangu weusi wa hapa walinipokea kama ndugu. Tarehe 16 Mei 2025 kimbunga kilipopita kaskazini, wao ndio waliotuchukua usiku ule. Paa letu lilikwenda. Mwenye nyumba hakuwa na bima, akafunika turubai la bluu, nasi tukahama baada ya wiki sita. Pesa ya kumalizia msingi wa Pongwe ndiyo niliyolipia amana ya chumba kipya.

Leo nimekutumia dola 60. Ni za dawa zako za presha, shangazi, usizipeleke kwenye kiwanja.