Orodha hakiki husomwa kitandani kwa mzazi

Wadogo zangu mlioanza leba mwezi huu, karibuni sana, tena tunawahitaji. Ila nimepitia mafaili yenu na roho imeniuma. Vipengele vyote 29 vya orodha hakiki ya uzazi salama vimetikiwa, kalamu moja, mkono mmoja, kuanzia juu mpaka chini. Hizo ni tiki za saa ya kukabidhi zamu, wakati mzazi ameshajifungua na yuko wodini anakunywa uji. Zimemsaidia nani?

1. Vituo vya kusimama na kuisoma orodha ni vinne: mzazi anapopokelewa, kabla hajaanza kusukuma au kupelekwa tieta (chumba cha upasuaji), ndani ya saa moja baada ya kujifungua, na kabla ya ruhusa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha hii mwaka 2015 liliigawa hivyo kwa sababu kila hatari ina saa yake. Kituo kikishapita, kimepita.

2. Kituo cha pili ndicho mnachokiruka zaidi, kwa kuwa mzazi anapiga kelele na kichwa kinaonekana. Katika hospitali moja niliyopata kufanya kazi, mkunga mmoja alitiki "begi na maski vipo", vile vya kumpulizia hewa mtoto asiyepumua. Na kweli vilikuwepo, juu ya meza ya mtoto, mahali pake pa siku zote. Mtoto akatoka kimya. Akamkausha, akamsugua mgongo, wapi. Akashika begi, akaweka maski usoni: ya mtu mzima. Imemfunika mtoto kuanzia machoni mpaka chini ya kidevu, kila akibinya hewa inatoka pembeni, kifua hakipandi. Mwenzake akatoka mbio kwenda tieta kutafuta ndogo. Mtoto alikuja kupumua, lakini dakika ya kwanza, ile tunayoihesabu kuliko zote, ilikuwa imeshakwenda, na usiku uleule akaanza degedege. Yule dada hakuwa mvivu hata kidogo. Alitiki kwa mazoea, macho yake yamezoea kuliona begi pale.

Basi mkifika kwenye kipengele hicho, chukueni maski mkononi. Iangalieni saizi. Ibaneni kwenye kiganja, binyeni begi, msikie kama hewa inagoma na vali inafunguka. Mmoja asome kwa sauti, mwengine aguse kitu. Ndipo mtiki.

3. Namba ya chini ya presha ikifika 110 na protini alama tatu kwenye mkojo, magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, ianze, msingoje kifafa.

4. Oksitosini, sindano ya kuzuia mzazi asivuje damu nyingi, ikae kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, na kituo cha pili kikifika uniti 10 ziwe tayari, zichomwe ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, mkishahakikisha hakuna pacha tumboni.

5. Msije mkadhani karatasi inaokoa peke yake. Kule Uttar Pradesh, India, orodha hii ilijaribiwa kwa utafiti mkubwa, zaidi ya akina mama 150,000, na matokeo yakatoka 2017: wakunga walitimiza mengi zaidi kuliko awali katika yale yanayotakiwa, lakini vifo havikupungua. Kwa hiyo kipengele kikikwama kwa sababu dawa hakuna au damu hakuna, msiache nafasi tupu mkanyamaza. Andikeni "hakuna", na mumwite msimamizi wa zamu saa hiyohiyo. Nafurahi zaidi kuona "hakuna" tatu za kweli kuliko tiki 29 za kupendezesha faili.

6. Kabla ya ruhusa, dalili za hatari msimwambie mzazi peke yake. Yeye atakuwa ndani arubaini nzima. Anayeamua kutafuta gari ni mamake au mkwewe, yule aliyekaa nje na kikapu. Muiteni aingie, mpeni kiti. Akiuliza damu nyingi ndiyo kiasi gani, mjibuni kwa pedi: mbili au tatu zikiloa ndani ya nusu saa, arudi hospitali muda huohuo, hata ikiwa usiku wa manane, wala wasimngoje baba mtu arudi baharini.