Fulana ya mtoto ukishona nyumbani, shingo ndo kazi yenyewe

Mwanangu ana miaka mitatu na joto la Dar linamtesa, zile fulana za polista tulizokuwa tunamnunulia zilikuwa zinamtoa vipele mgongoni, ndo nikaamua nimshonee mwenyewe za pamba. Cherehani ninayo, magauni nashona miaka, nikajua fulana itakuwa kazi ndogo tu. Kumbe kitambaa cha fulana ni habari nyingine kabisa maana kinavutika.

Ile ya kwanza nilimvalisha asubuhi, kichwa kikakwama. Nikavuta kidogo nikasikia ta-ta-ta-ta, uzi wa shingoni umekatika wote na mtoto analia humo ndani haoni kitu. Niliumia sana aisee. Mama mwenzangu, kitambaa kikivutika na mshono lazima uvutike, hilo lishike kwanza kabla hujagusa mkasi.

Cherehani yangu ya umeme ina zigizaga (mshono wa nyoka nyoka), naweka upana kama milimita 1 na urefu 2.5, ukiuangalia mshono unauona kama umenyooka lakini ukiuvuta unakubali. Wenye cherehani za mguu za mshono ulionyooka tu msikate tamaa, punguzeni urefu wa mshono ufike kama 2, tumieni uzi wa polista sio wa pamba, na mkiwa mnashona kivuteni kitambaa kidogo saana, mbele na nyuma ya sindano kwa pamoja.

Halafu sindano jamani. Nilihangaika na tensheni (mkazo wa uzi) wiki nzima, mashine inaruka mishono, nafika mwisho nakuta nafasi nafasi, mpaka fundi mmoja wa mtaani kwetu akaniambia we badilisha sindano tu. Ya kawaida ina ncha kali, ya fulana ncha yake ni butu inapita katikati ya nyuzi bila kuzikata. Pakiti imeandikwa Jersey au Stretch, namba 75 au 80 inatosha kwa fulana nyepesi.

Kitambaa mi mara nyingi natumia fulana kubwa za mitumba za pamba, za soko la Karume hapo, XL moja inatoa ya mtoto vizuri na ukiweka pateni yako (karatasi ya kukatia) chini kabisa pindo unalikuta limeshashonwa. Ukinunua kipya fua kwanza, pamba inarudi, yaani inapungua. Na upande unaovutika zaidi ndo uzunguke kifua.

Sasa shingo. Pima kichwa cha mtoto kwanza, wangu ni sentimita 50. Tundu la shingo nalikata lizunguke kama 40, halafu mkanda wa shingo nakata wa ribu mpya, kile kitambaa cha mistari mistari kinachovutika sana (ile ya fulana kuukuu imeshalegea, usiitumie), mrefu kama asilimia 85 ya tundu, yaani 34, naongeza 2 za mshono. Upana 5, ukiukunja na kushona unabaki mkanda wa 1.5 hivi. Kabla ya kushona uunge uwe duara, uvute mkononi uone unafika 50, usipofika hiyo ribu sio. Gawa mkanda sehemu nne, gawa na tundu sehemu nne, bana na pini alama kwa alama, kisha shona ukiuvuta MKANDA tu. Fulana yenyewe iache ilale. Ukivuta fulana shingo inatoka mawimbi kama jani la kabichi na hata ukipiga pasi hairudi vizuri. Nilifumua tatu ndo nikaelewa.

Mabegani nashonea humo humo utepe mwembamba wa pamba usiovutika, la sivyo baada ya kufua mara kadhaa bega linashuka. Mikononi nakunja sentimita 2 na kupitisha zigizaga pana kidogo, basi, wala ovaloki (mashine ya kumalizia kingo) sio lazima maana kitambaa hiki hakitoi nyuzi.