Kutu ya Kombi Huanzia Ndani

Kombi ya Volkswagen iliyokaa Mombasa, Tanga au Dar kwa miaka mingi huwa na tumbo jeusi linalong'aa, na muuzaji atakuambia kwa furaha kwamba chini yote imepigwa lami. Chukua bisibisi kubwa, ugonge kwa mpini wake. Bati zima hulia. Bati lililoliwa hutoa mlio mzito, kama umegonga boksi la karatasi, na lami hubonyea. Geuza bisibisi usukume kwa ncha bila nguvu nyingi. Ikizama, hapo hakuna gari tena, kuna lami iliyoshika umbo la gari.

Tunazungumzia Kombi ya kizazi cha pili, ile yenye kioo kimoja kikubwa mbele, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, hasa ile ya kulala yenye kitanda na sinki. Chasisi yake huwezi kuifungua kwa boliti ukaiweka kando kama ya lori. Bodi na chasisi vimechomelewa pamoja: mihimili miwili mirefu ya boksi, mikono inayotoka kwenda pembeni, mapau yanayobeba sakafu, na kizingiti cha chini ya milango ambacho kina tabaka tatu za bati, la ndani, la kati na la nje. Viungo hivi vingi viko wazi ndani, na huko ndani ndiko maji yanakolala.

Maji yenyewe mara nyingi hutoka juu, wala si barabarani. Raba ya dirisha ikikauka na kupasuka, mvua huteremka ndani ya ukuta mpaka kwenye kizingiti. Reli ya mlango wa kuteleza nayo hukusanya yake. Kizingiti kina matundu ya kutolea maji, lakini tope huyaziba, na fundi aliyepaka lami bila kuangalia huyaziba kabisa. Kwa hiyo ukiona malengelenge nje, ujue kutu ilishamaliza kazi upande wa pili.

Sehemu za kukagua kwanza ni nyuma ya magurudumu ya mbele, mahali pa kuingizia jeki, ngazi za kukanyagia kwenye milango ya mbele, na trei ya betri kwenye chumba cha injini, ambayo huliwa na asidi kuliko maji. Halafu angalia mshono kati ya mapau na sakafu. Ukiona sakafu imeinuka kama chapati juu ya pau, kutu imevimba katikati. Hapo brashi haisaidii, pau lazima likatwe.

Kuandaa gari

Toa betri, injini na tangi la mafuta. Tangi liko juu ya gia boksi nyuma ya ukuta wa injini, na halitoki kabla ya injini kutoka. Kuchomelea karibu na tangi, hata tupu, ni kutafuta msiba, kwa sababu mvuke wa petroli huwaka vibaya kuliko petroli yenyewe. Ndani toa makabati, zulia na kila kitambaa kilicholala juu ya sakafu. Inua gari kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi nne imara, mbili chini ya ekseli ya mbele na mbili chini ya bomba la tosheni la nyuma, yaani bomba nene la mlalo lenye fito zinazofanya kazi ya springi. Usiweke stendi chini ya kizingiti unachokusudia kukikata.

Lami ikwanguliwe ikiwa ya moto kiasi, kwa bunduki ya hewa moto na kikwangulio butu. Ukiikimbilia kwa grenda yenye brashi ya waya, itayeyuka na kupakaa kila mahali. Mabaki yafutwe kwa mafuta ya taa, bunduki ya moto ikiwa imezimwa na imewekwa mbali, kisha yafutwe tena kwa thina safi, kwa sababu mafuta ya taa huacha utelezi unaokataa rangi. Kama gari liliwahi kupigwa oili chafu, fanya kazi hii mara mbili. Oili chafu haikingi kwa muda mrefu, hulainisha raba za sasipensheni, na ikiwa ndani ya boksi huanza kuwaka mara welda anapogusa.

Brashi ya waya ina hila moja. Huisugua kutu mpaka ikawa nyeusi na kung'aa, ukadhani ni chuma. Mwaga maji kidogo, acha pakauke, utazame baada ya saa moja. Chuma safi hugeuka rangi ya chungwa taratibu na sawasawa, lakini vishimo vyenye chumvi hutoa vidoa vya kahawia haraka. Hiyo chumvi haiondoki kwa msasa. Huondoka kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na brashi ngumu, kukausha, kutazama, na kurudia, mara tatu au nne mahali pabaya. Mafundi wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu rangi.

Kupiga mchanga kwa kompresa kunasafisha vizuri mikono na mihimili, lakini sakafu pana hupinda. Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukipewa bure: unapuliza chumvi ndani ya chuma kwa shinikizo, na vumbi lake huharibu mapafu. Ziba bomba la fimbo ya gia na mabomba ya hewa ya moto kabla hujaanza.

Kukata na kuchomelea

Hapa ndipo Kombi nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Ukikata vizingiti vya pande zote mbili kwa pamoja, katikati ya gari hulegea na mlango wa kuteleza haufungi tena. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili. Kabla ya kukata, chomelea vyuma vya pembe vya mm 25 kuvuka uwazi wa mlango, kimoja mlalo na kimoja mshazari, na upime mishazari yote miwili uandike ukutani. Wakati wa kushikiza bati jipya, rudisha milango na uifunge. Nafasi kati ya mlango na bodi itakuambia ukweli kuliko futi.

Bati la mm 1.2 linatosha kwa sakafu na vizingiti. Kwa mikono na mihimili tumia mm 2. Waya wa mashine ya kuchomelea uwe mm 0.8 au mwembamba zaidi, gesi iwe mchanganyiko wa agoni na kabonidayoksaidi. Chomelea vipande vifupi kwa kurukaruka, si mstari mmoja mrefu, la sivyo bati litajikunja. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, na kiraka kikae ukingo kwa ukingo na bati la zamani. Kiraka kilicholazwa juu ya kutu hutengeneza mfuko mpya wa maji. Pale ambapo tabaka lazima zilaliane, paka kati yake praima (rangi ya kwanza) ya zinki inayoruhusu kuchomelea.

Mabomba ya breki badilisha sasa, kabla ya rangi. Mafuta ya breki yakidondoka juu ya rangi mpya huilainisha na kuing'oa. Ya shaba na nikeli, kipenyo mm 4.75, hupindika kwa mkono na hayashiki kutu.

Rangi

Eneo la chini ni kama mita 4.5 kwa 1.7, yaani chini kidogo ya mita za mraba 8, lakini ukihesabu mikunjo ya mapau na mihimili, chukulia 12. Praima ya epoksi ya vikopo viwili, lita 4 baada ya kuchanganya, hutosha makoti mawili pamoja na upotevu. Pima kwa chombo chenye alama, usikisie kwa jicho: epoksi iliyokosa kigumu chake hubaki laini milele. Kibadilisha kutu cha asidi ya fosfori kitumike kwenye vishimo tu, kisha kioshwe na kukaushwa. Asidi iliyobaki hugombana na epoksi.

Lainisha kingo zote kali kwa tupa, kwa sababu rangi hukimbia ukingo. Paka mishono na kingo kwa brashi kwanza, ndipo upulize kote. Pwani saa hazilingani. Asubuhi chuma kina umande hata kama hukioni, kwa hiyo anza saa nne hivi, chuma kikiwa kimepata joto, na uache saa tisa. Chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikilifikia huanza kutoa umande.

Baada ya epoksi, jaza mishono kwa silanti ya poliurethani, kopo tano za ml 310. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse, inakula chuma. Rangi ngumu ya kukinga mawe ipakwe kwenye matao ya magurudumu na sehemu ya mbele, kwingine rangi ya chasisi inatosha. Ukichagua ya vikopo viwili yenye isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, kitambaa puani si kinga, tafuta barakoa inayoletewa hewa safi. Lami sisi tungeiacha barabarani. Hukauka, hupasuka, na ufa wake hunyonya maji kuyapeleka nyuma yake, usikoona.

Nta ya ndani

Kuchomelea kumeunguza rangi ndani ya boksi, na huko brashi haifiki. Subiri rangi ikauke kabisa kwa siku zilizoandikwa kwenye kopo, kisha puliza nta ya kukinga nafasi tupu za ndani kwa mrija wenye ncha inayorusha pande zote. Gari zima hula lita 5 hivi. Kopo likae kwenye ndoo ya maji ya moto kwanza, ili nta iwe nyepesi na iingie kwenye mishono. Ingiza mrija mpaka mwisho wa mhimili, bonyeza, uuvute polepole. Endelea mpaka nta idondoke kwenye matundu ya chini. Chagua nta inayostahimili joto, la sivyo gari likiegeshwa juani itachuruzika yote. Diski za breki na ekzosi zifunikwe.

Kesho yake pitisha waya katika kila tundu la kutolea maji, uondoe nta iliyoziba. Rudia baada ya masika, kila mwaka, kwa waya uleule na mpira wa maji. Yakitoka maji ya kahawia upande mmoja, kabla hujagusa chochote chini, panda juu ukaangalie raba ya dirisha la upande huo.