Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Hukumu ya Kifo Marekani Huchukua Miaka Mingi?

SWALI: Mhariri, nashangaa kusikia kwamba Marekani mtu aliyehukumiwa kifo hukaa gerezani miaka 20 au zaidi kabla adhabu haijatekelezwa. Ikiwa mahakama imekwisha kumtia hatiani, rufaa zote hizo ni za nini? Je, huko si kuwatesa ndugu wa marehemu na mfungwa mwenyewe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kusubiri huko kunaumiza kweli, hasa kwa familia za waliouawa, ambazo kila rufaa inaposikilizwa hulazimika kusikia upya jinsi mpendwa wao alivyokufa. Hata hivyo, kabla hatujataka rufaa zipunguzwe, naomba uitazame kesi ya Anthony Ray Hinton wa jimbo la Alabama.

Hinton alikamatwa mwaka 1985 akidaiwa kuwaua mameneja wawili wa migahawa katika eneo la Birmingham. Ushahidi uliombana zaidi ulikuwa bastola iliyochukuliwa nyumbani kwa mama yake, ambayo wataalamu wa serikali walisema ndiyo iliyofyatua risasi za mauaji. Wakili aliyepangiwa na mahakama aliamini kwamba sheria haimruhusu kutumia zaidi ya dola 1,000 kumlipa mtaalamu wa kuwajibu, ilhali kikomo hicho kilikuwa kimeondolewa tangu mwaka 1984. Akamchukua aliyepatikana kwa fedha hizo: mhandisi asiyeona kwa jicho moja, ambaye alipohojiwa na mwendesha mashtaka alikiri kwamba hata hadubini ilimpa shida kuitumia. Wajumbe 10 kati ya 12 wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoketi mahakamani kuamua kesi, wakapendekeza auawe, na jaji akakubali.

Mwaka 2002 wataalamu watatu walieleza mahakamani kwamba risasi zile haziwezi kuhusishwa na bastola ile. Alabama haikumwachia. Ni mwaka 2014 tu ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba wakili wake alishindwa kutimiza wajibu, na Hinton akatoka gerezani Aprili 2015, baada ya karibu miaka 30. Lau mlango wa rufaa ungefungwa mwaka wa kumi, Alabama ingekuwa imemuua mtu ambaye kosa lake halikupata kuthibitika.

Na usidhani kwamba mlango huo uko wazi siku zote. Mwaka 1993, katika kesi ya Herrera kutoka Texas, Mahakama ya Juu ilisema kwamba ushahidi mpya wa kutokuwa na hatia, peke yake, kwa kawaida hautoshi kuifanya mahakama ya shirikisho itengue hukumu ya jimbo. Miaka mitatu baadaye Bunge lilipitisha sheria iliyompa mfungwa mwaka mmoja tu, kwa kawaida, wa kupeleka maombi katika mahakama hizo. Kwa maoni yangu, sheria inayojali tarehe ya ombi kuliko ukweli wake haifai kupewa mamlaka juu ya uhai.

Lipo pia suala la rangi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilipelekewa utafiti wa jimbo la Georgia ulioonyesha kwamba aliyeshtakiwa kumuua mzungu alikuwa na uwezekano zaidi ya mara 4 wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyeshtakiwa kumuua mtu mweusi. Majaji 5 dhidi ya 4 walikataa kuitengua, kwa sababu hiyo, hukumu ya kifo ya mfungwa aliyeuwasilisha utafiti huo. Jaji Lewis Powell, aliyeandika uamuzi huo, alisema baada ya kustaafu kwamba angebadili kura yake.

Ukiniuliza maumivu ya ndugu wa marehemu yapunguzweje, nitakujibu kwamba kazi ianzie kwenye kesi ya kwanza: wakili mwenye ujuzi, aliyelipwa vya kutosha, na fedha za kumpata mtaalamu anayeweza kuupima ushahidi wa serikali. Majimbo 23 yamekwenda mbali zaidi na kuifuta kabisa adhabu ya kifo. Huko muuaji anaweza kufungwa maisha bila tumaini la kuachiwa, na ikigundulika baadaye kwamba mahakama ilikosea, aliyefungwa bado yuko hai kufunguliwa.