Koronatini haionekani: angalia joto kwanza

Ndugu, unasema umeotesha bakteria wa soya Pseudomonas syringae pv. glycinea, aina ya PG4180, kwenye nyuzi 28 za Selsiasi na kipimo hakioni koronatini, yaani sumu yake dhidi ya mimea, ukahisi jeni zimepotea. Usikimbilie huko. Aina hii hutengeneza sumu nyingi karibu nyuzi 18. Kwenye 28 inakua vizuri tu, ila sumu inakuwa kidogo mno.

Swichi yenyewe ni protini tatu. CorS, iliyo kwenye utando, huhisi baridi, hujiwekea fosfeti na kumpasia CorR. CorR ndiye hushika DNA mbele ya jeni za kutengeneza sumu na kuziwasha. CorP anafanana naye lakini hana sehemu ya kushika DNA.

Otesha upya 18 na 28 sambamba, chupa zikitikiswa sawasawa. Linganisha zikifikia OD ileile (kipimo cha wingi wa bakteria kwa ukungu wa mchuzi), si saa zilezile, maana ya 18 itachelewa. Ya 18 nayo ikikosa sumu, hapo fanya PCR (kunakili DNA ili kuona kama jeni ipo) ya corS na corR, jeni za protini hizo: kwa PG4180 jeni hizi ziko kwenye plazimidi (duara dogo la DNA nje ya kromosomu), na plazimidi huweza kupotea. Zikiwepo zote, shuku mutesheni (badiliko ndani ya jeni). Ingiza nakala ya corS isiyo na kasoro uone kama sumu inarejea. DC3000, aina nyingine ya P. syringae, usiitumie kama kielelezo cha joto, udhibiti wake ni tofauti.