Mapera, mawese na lengalenga kwa mtu anayemeza dawa za maumivu kila siku

Ndugu yetu wa Kadutu ameuliza kuhusu mama yake, mwenye umri wa miaka 63, ambaye humeza diklofenaki karibu kila siku kwa sababu ya magoti, na sasa tumbo linamchoma, hasa usiku. Anataka kujua ni vyakula gani vyenye antioksidanti vinavyoweza kulilinda tumbo ili mama aendelee na dawa yake. Waliotangulia kujibu wametaja manjano, tangawizi, kabichi na asali. Mimi ninaishi na baridi yabisi kwa miaka mingi, nimefundisha hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mpaka nikastaafu huku vidonge vikiwa mkobani, na nimewahi kupatikana na kidonda cha tumbo, kwa hiyo naomba mniruhusu nijibu kwa urefu. Chakula kinasaidia, na nitasema kipi na kinaandaliwaje. Lakini hakirudishi kile ambacho dawa yenyewe inakiondoa tumboni, na mtu anayekitegemea peke yake anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani huku akila vizuri kabisa.

Tumbo hutengeneza asidi kali, na hujikinga nayo kwa ute mzito, kwa bikaboneti inayopoza asidi karibu na utando, na kwa damu nyingi inayopita chini ya utando huo ili seli zilizochakaa zipate badala yake upesi. Kazi zote hizo husimamiwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, ugunduzi uliomfanya ashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Tatizo ni kwamba dawa haichagui: inapozuia prostaglandini za goti lililovimba, inazuia pia zile za tumbo, na utando unabaki kama ukuta wa udongo uliobanduka lipu wakati mvua za Bukavu zimeanza. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na aspirini, ingawa kwa nguvu tofauti. Na kwa kuwa dawa hulifikia tumbo pia kwa njia ya damu, sindano haikuepushi na madhara hayo, wala kumeza kidonge baada ya kushiba hakuyaondoi, ijapokuwa kunapunguza kichefuchefu na ule mchomo wa mara moja.

Antioksidanti zinaingia hapa. Utando unapopungukiwa damu, na dawa inapovuruga vile vinu vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya seli, huzaliwa molekuli za oksijeni zisizotulia ambazo hushambulia mafuta ya kuta za seli. Antioksidanti huzizima molekuli hizo kabla hazijafanya uharibifu mkubwa, kwa hiyo swali la ndugu yetu lina msingi wa kweli. Ushahidi ulio mwingi, hata hivyo, umetoka kwa panya: hupewa manjano, chai ya kijani au vitamini E, kisha hupewa indometasini au aspirini kwa kipimo kikubwa, na vidonda vyao huhesabiwa. Kwa binadamu majaribio ni machache na madogo. Nasema hivyo si kwa kudharau vyakula, maana ninavila kila siku kwa imani, bali ili mtu asiache kipimo cha hospitali kwa sababu ya kikombe cha tangawizi.

Kati ya vyote, naanza na vitamini C, kwa sababu ina uhusiano wa karibu mno na tumbo. Tumbo lenye afya huikusanya kutoka kwenye damu na kuitoa katika maji yake, na kuna majaribio madogo kwa watu ambayo yalionyesha kwamba ikitolewa pamoja na aspirini, utando huumia kidogo kuliko kwa aspirini peke yake. Sisi wa Kivu hatuhitaji vidonge vya kununua ili kuipata. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, wakati chungwa lina takriban 50, na papai bivu linalizidi chungwa kidogo. Mapera na papai vina faida nyingine kwa mtu ambaye tumbo tayari linamchoma: havina ukali wa limau, marakuja (pasheni) au nanasi lile zuri la Idjwi. Matunda hayo makali yana vitamini pia, lakini kipindi kidonda changu kilipokuwa kibichi, glasi moja ya marakuja ilinikosesha usingizi, na sikuyarudia mpaka nilipopona. Vidonge vya vitamini C vya miligramu 1000 sivipendekezi kwa mama huyu, kwa sababu navyo ni asidi na kwa wengine huongeza mchomo.

Mboga za majani zinakuja baada ya hapo, na katika mboga namna ya kupika ina uzito sawa na mboga yenyewe. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto mrefu. Lengalenga (mchicha) iliyokatwa kwanza ndipo ikaoshwa, ikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, imebaki na sehemu ndogo tu ya kile ulichokinunua sokoni. Mimi huosha majani yakiwa mazima, hukaanga kitunguu na nyanya, kisha huyatia majani yakiwa bado na matone ya maji, hufunika sufuria, na huepua mara yanapolainika yakiwa bado na rangi ya kijani. Kwa sombe usifanye hivyo hata kidogo. Majani ya muhogo yana sianidi, na ni lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu kama mama zetu walivyotufundisha. Vitamini C yake itapotea, lakini karotini na madini hubaki, na hayo yanatosha kuifanya sombe kuwa chakula bora.

Kuhusu mawese nitasema zaidi, kwa sababu nimeona hakuna aliyeyataja, na ni hazina iliyo katika kila jiko la hapa. Mawese mekundu ambayo hayajasafishwa kiwandani yana karotini nyingi sana na vitamini E ya aina inayoitwa tokotrienoli. Watafiti wa Malaysia, nchi inayoishi kwa michikichi, waliwapa panya tokotrienoli hizo na kuona kwamba aspirini iliwajeruhi matumbo kidogo kuliko wenzao ambao hawakuzipata. Wengi wetu huyaweka mawese jikoni na kuyaacha mpaka yapauke na kutoa moshi, ili harufu ipungue. Rangi ile nyekundu ndiyo karotini yenyewe, na ikitoweka mbele ya macho yako ujue umebaki na mafuta matupu. Ninayapasha kidogo tu, au nikipika maharagwe ninayaongeza kijiko kimoja au viwili karibu na mwisho. Nasema kijiko, si kikombe, kwa sababu chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu na kuchochea kiungulia.

Manjano yanasifiwa sana na yana ushahidi mzuri kidogo, ingawa haupo pale watu wanapoudhania. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walitangaza jaribio la wagonjwa 367 wenye maumivu ya magoti, wengine wakipewa dondoo ya manjano na wengine ibuprofeni kwa muda wa wiki nne. Nafuu ya maumivu ilikaribiana, na waliopewa manjano walilalamika kuhusu tumbo kidogo kuliko waliopewa ibuprofeni. Hivyo faida yake kubwa huenda ni kumwezesha mtu kupunguza vidonge, kuliko kulikinga tumbo dhidi ya vidonge vilevile. Kumbuka tu kwamba dondoo ile ni nzito kuliko unga wa jikoni, na kwamba mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, kama wafarini, asimeze manjano wala vitunguu saumu kwa wingi bila kumwambia daktari wake. Tangawizi ninaitumia katika chai, kidogo. Maji ya kabichi yalipata sifa tangu mwaka 1949, daktari Garnett Cheney wa California alipoandika kwamba wagonjwa wake wa vidonda walipona haraka kwa kuyanywa, lakini walikuwa 13 tu, na kipimo kilikuwa takriban lita moja kwa siku, jambo ambalo kwa gesi yake ni adhabu kwa mzee. Mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, yananituliza; maziwa ya kawaida yaliyochemshwa hutuliza kwa muda mfupi, halafu tumbo huongeza asidi. Kahawa yetu ya Kivu ina antioksidanti nyingi, lakini asiinywe kabla ya kula. Kasiksi (pombe ya ndizi) na kanyanga (pombe kali ya kienyeji) aviache kabisa kwa kipindi chote anachotumia dawa hizi.

Sasa niseme kile ambacho, kwa mama wa miaka 63 mwenye mchomo wa usiku, ningekifanya kabla ya kwenda sokoni. Ningempeleka apimwe Helicobacter pylori, bakteria ambaye Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Bakteria huyu ameenea sana kwetu, hupunguza ile vitamini C iliyomo katika maji ya tumbo, na akikutana na diklofenaki hatari ya kidonda hupanda kuliko kwa kimoja peke yake. Mimi nilipofanyiwa fibroskopi, yaani kuchunguzwa tumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera, nilikutwa na kidonda pamoja na bakteria, nikatibiwa kwa viuavijasumu viwili na omeprazoli, dawa inayopunguza asidi ya tumbo, na hapo ndipo usiku wangu ulipotulia. Chakula kilinisaidia baadaye kubaki salama, lakini sina ujasiri wa kusema kwamba kingeniponya.

Kisha ningemwuliza daktari maswali mawili. La kwanza, je, magoti haya yanaweza kutulizwa kwa parasetamoli, ambayo haiko katika jamii ya diklofenaki na hailiumizi tumbo kwa namna hiyo, mradi mtu mzima mwenye afya asivuke gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kwa mwenye mwili mdogo au ini dhaifu? Au kwa diklofenaki ya kupaka, ambayo ni sehemu ndogo tu inayoingia katika damu na inafaa hasa kwa goti? La pili, ikiwa kidonge hakikwepeki, kama ilivyo kwangu, apewe omeprazoli ya kumeza nusu saa kabla ya kifungua kinywa kwa muda gani? Shinikizo la damu na figo vipimwe pia, kwa kuwa dawa hizi huviumiza vyote viwili.

Vidonda vya dawa za maumivu vina ubaya mmoja wa pekee: dawa hufunika maumivu ya kidonda ilichokileta yenyewe, na wapo ambao dalili yao ya kwanza ni damu. Choo cheusi chenye kunata na harufu kali, matapiko ya damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, kizunguzungu wakati wa kusimama, au maumivu makali ya ghafla: mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mwulize kama anavitumia. Na ikiwa amekwisha kupungukiwa damu, chai asiinywe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Ainywe saa moja au mbili baadaye.

Atakapokwenda kwa daktari, abebe kila anachomeza, hata kile ambacho hakina jina. Jirani yangu mmoja alikuwa akinunua kwenye famasia ya mtaani kifuko kidogo cha nailoni chenye "dawa ya mgongo", na muuguzi alipokimwaga mezani tulikuta diklofenaki, kapsuli ya indometasini na kidonge kidogo cheupe cha prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi), vyote vya kumezwa kwa mara moja. Dawa mbili za jamii moja haziongezi nafuu inayolingana na madhara yake, na zikichanganywa na prednisoloni hatari ya kuvuja damu huongezeka mara nyingi. Ndugu yetu akikuta kifuko cha namna hiyo kwa mama, asimwachishe prednisoloni ghafla ikiwa ameitumia kwa majuma mengi, kwa sababu mwili huwa umeizoea. Amwachie daktari apange namna ya kuipunguza, na diklofenaki na indometasini zisimezwe tena pamoja kuanzia leo.