Joto linashuka kwenye taa za dari: dada wa Kisesa, usinunue AC kwanza

Kuna dada wa Kisesa kaniandikia inbox, namnukuu kwa ruhusa yake: "Kaka habari, chumba cha watoto tumepiga jipsamu na taa za spoti kimependeza sana, lakini saa nne usiku bado joto linashuka toka juu na asubuhi shuka lina vumbi na vile vidudu vya ziwani vimekufa. Fundi anasema dawa ni AC. Ninunue?" Nimeona nijibu hapa maana najua hayuko peke yake, kuanzia Buhongwa mpaka Ilemela nyumba mpya zote siku hizi ni jipsamu na taa za kuchomeka darini.

Dada yangu, ziba taa kwanza. AC utaamua baadaye.

Mimi nimejenga Nyegezi, juu kidogo mlimani, mawe nyuma ziwa mbele. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, hilo mtu wa Mwanza hafundishwi. Ukifika kwenye nyumba unapanda na ukuta unaingia chini ya bati pale ukingoni mwa paa, na humo darini ndo limekaa joto lote la siku kwa sababu bati limepigwa jua tangu asubuhi. Sasa hewa hiyo ikisukumwa inatafuta pa kutokea, na kwenye dari ya jipsamu iliyopigwa vizuri pa kutokea ni kwenye matundu ya taa na kile kimlango cha kupandia darini, basi.

Mama yangu alipokuja kuishi na sisi tukampa chumba chenye taa nyingi kuliko vyote, fundi alisema cha mama kipendeze. Kikapendeza kweli. Ila usiku mama akawa anachukua mkeka wake taratibu anaenda kulala sebuleni, mtu mzima yule, kwenye nyumba ya mwanae wa kwanza, analala chini na hasemi kitu, ukimuuliza anasema "huku kuna hewa baba". Iliniuma jamani. Nikamwita fundi nikamwambia fundi, hewa ya moto inashukia kwenye hizi taa. Akacheka mbele ya mama na mbele ya shemeji yangu, "bosi hayo mambo ya Ulaya, huku joto ni joto tu". Shemeji akadakia, nunua AC acha ubahili. Lile neno ubahili mpaka leo ninalo moyoni, nalisema wazi.

Shemeji mwenyewe ndo akaleta AC. Ikafungwa, chumba kikapoa, lakini ikawa haipumziki na unit za LUKU zinayeyuka. Na sababu yake ipo: hewa baridi ni nzito, inashuka, inatokea chini ya mlango, na ikitoka lazima nyingine ije ijaze nafasi yake, inavutwa toka darini kwenye matundu yale yale. Kwahiyo unalipia ubaridi unaotoka mlangoni na joto linaloingia juu, vyote kwa pamoja.

Na huyo fundi wa "mambo ya Ulaya" angejua. Kwenye nchi za baridi kama Kanada na Marekani shida ni hii hii ila imegeuka, hewa ya moto ya ndani inapanda inatorokea kwenye taa, na mvuke wake ukikuta baridi ya darini unakuwa maji yanayoozesha mbao. Ndo maana wao wana taa zenye alama ya IC, maana yake inaruhusiwa kugusana na sufi ya kuzuia joto, na AT kwa zile zisizopitisha hewa. Taa nyingi za madukani kwetu hazina alama hizo, lazima kazi uifanye mwenyewe.

Mimi nilianza na udi wa mama. Chagua siku ya upepo, funga madirisha na mlango, zima feni, washa udi, panda kwenye stuli usogeze chini ya ukingo wa taa. Moshi ukisukumwa chini, hewa inashuka. Ukinyonywa juu, inatoka. Kwa mama moshi ulikuwa unalala kabisa, nikamuita shemeji aje aone, akaona, akanyamaza.

Halafu nikazima meni swichi (sio swichi ya ukutani, MENI) nikavuta taa chini. Zile springi zinabana vidole, taratibu. Taa yenye kiwiliwili cha milimita 75 ilikuwa imekatiwa tundu la 90 tena kwa kisu. Piga hesabu, huo mwanya wa kuzunguka ni kama sentimita za mraba 19 kwa taa moja. Nyumba ya taa 20 ni karibu 390, yaani umeacha tundu la sentimita 20 kwa 20 kwenye dari na usiku kucha liko wazi. Ukingo wa taa unaficha, hauzibi.

Kuziba sasa. Tundu lililozidi nililijaza kwa unga wa jipsamu ule wa kuzibia maungio, likikauka unapiga msasa libaki saizi ya taa. Nyuma ya ukingo wa taa nikabandika sponji ya gundi ile ya kwenye fremu za madirisha ya aluminiamu, springi zikivuta taa juu sponji inabanwa na hewa imekwisha. Wengine wanapaka silikoni, inaziba vizuri ila siku taa ikifa utaing'oa na jipsamu yake. Na kama kiwiliwili cha taa chenyewe kina matundu, sponji haitoshi, tengeneza kiboksi cha vipande vya jipsamu uifunike kwa juu, uache nafasi pande zote, na ile draiva ya LED, yaani kile kidude kinachobadilisha umeme wa taa, iweke nje ya kiboksi kwa sababu joto ndo linaiua mapema.

Hapa nisikilizeni vizuri sana. Kama bado una balbu za halojeni za wati 50 usifunike kitu, zinaunguza, hata kwenye nchi zao taa isiyo na alama ya IC inaachiwa inchi 3 kutoka kwenye sufi. Badilisha kwanza uweke LED za wati 5 mpaka 7, zile kumi za wati 50 ni wati 500 za joto ndani ya chumba kimoja! Usipulize foam ya chupa kwenye taa, ile inashika moto. Usiweke karatasi ya alumini karibu na nyaya. Na usizibe ukingo wa paa ukidhani umemaliza, ile nafasi kati ya dari na bati lazima ipumue, pale weka wavu mdogo ili joto litoke na popo wasiingie.

Tunajenga nyumba za kupiga picha, ndugu zangu. Mtu ana fedha ya taa thelathini zinazobadilika rangi, hana fedha ya sponji. Anampigia simu fundi wa AC kabla hajapanda stuli akaangalia dari lake mwenyewe. Mzazi wako anahama chumba wewe unajadili rangi ya taa, hapana, mkague fundi kabla hujamlipa, washa udi mbele yake, ukiona moshi unalala pesa ya mwisho isubiri. Hiyo ni haki yako.

Nisimdanganye mtu pia, joto kubwa linatoka kwenye bati lenyewe, linaichoma jipsamu na jipsamu inakuchoma wewe. Ukiwa unaezeka, weka ile karatasi ya kung'aa chini ya bati kabla ya umeme. Ila vumbi na vidudu vilivyokuwa vinamdondokea mama vimeisha, AC inazima yenyewe usiku, na mama analala kitandani kwake. Shemeji ameniomba nikamzibie za kwake Pasiansi. Nitaenda.

Dada wa Kisesa, anza na taa iliyo juu ya vitanda vya watoto, kisha kimlango cha kupandia darini maana hicho peke yake kinaweza kuzidi taa zote, kizungushie sponji hiyo hiyo. Vile vidudu vinafuata mwanga, kwahiyo taa za nje za ukingoni zizime mapema kipindi vinapotoka ziwani. Ukikwama kwenye draiva niandikie na unitumie picha ya juu ya dari, ile ya chini hainisaidii.